Namba Mbili wa Valencia

Angalia jukwaa la washindi la MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki duniani, kule Valencia, Hispania, tarehe 11 Novemba 2012. Katikati yupo Dani Pedrosa, ameshinda. Pembeni yupo Casey Stoner, bingwa wa dunia mara mbili, miaka 27 tu, na hapo ndo kamaliza mbio yake ya mwisho ya MotoGP, anaondoka zake. Halafu kwenye namba mbili, pale ambapo macho yako yanamtafuta Jorge Lorenzo, bingwa wa mwaka ule, au mtu yeyote mwenye jina, kasimama jamaa wa Kijapani kavaa nguo za timu ya kiwanda ya Yamaha, na ukiwauliza watu kumi wanaofuatilia hii michezo kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huyu ni nani, tisa watakuambia wamsachi kwanza.

Katsuyuki Nakasuga.

Siyo dereva wa msimu mzima wa MotoGP. Hajawahi kuwa. Kazi yake ilikuwa dereva wa majaribio wa Yamaha, yaani yule anayeipanda pikipiki kabla ya hao maarufu hawajaigusa. Ben Spies alikuwa ameumia bega Malaysia, kiti kikabaki wazi, wakampigia wa kiwandani aje ajaze nafasi.

Hiyo picha nimekutana nayo tena wiki kadhaa zilizopita nikitafuta kitu kingine kabisa, na toka hapo haijaniacha. Nalala nayo, naamka nayo. Sababu ni kwamba baada ya siku ile, siku ambayo kwa dereva mwingine yeyote ingekuwa mwanzo wa maisha mapya, Nakasuga alirudi Japani akaendelea na kazi ileile. Majaribio. Na mimi kila nikijaribu kumuonea huruma, nashindwa.

Mvua nusu, jua nusu

Wanaosema ile siku ilikuwa bahati, nawaelewa. Lami ilikuwa imelowa, inakauka, hujui uweke tairi gani. Pedrosa mwenyewe baada ya mzunguko wa kupasha aliiacha nafasi yake ya mbele kwenye mstari, akaingia pit, kule kwa mafundi, kubadilisha pikipiki, akaanzia hukohuko. Na bado akashinda. Ujue hali ilikuwaje.

Lorenzo alikuwa anaongoza. Ubingwa wa dunia alishauchukua Australia wiki mbili kabla, hana presha yoyote, anamfikia dereva wa nyuma ili ampite mzunguko mzima, anatoka kidogo tu nje ya ule mstari uliokauka, na pikipiki ikamrusha juu. Wale mnaokumbuka ile ajali mnajua, ni ya kufumba macho. Cal Crutchlow akapanda namba mbili, naye akaanguka. Ndo Nakasuga akarithi.

Kwa hiyo ndiyo, watu walianguka mbele yake.

Ila hao walioanguka walianguka kwa sababu gani? Njia kavu ilikuwa nyembamba, na kukaa juu ya njia nyembamba mizunguko 30 bila kuvuka hata mara moja siyo bahati, ni kazi. Na ni kazi ya aina fulani hasa. Huyu mtu alikuwa analipwa mwaka mzima kupita palepale alipopita mzunguko uliopita, kwa spidi ileile, kufunga breki palepale. Ukimuwekea siku ambayo mshindi ni yule asiyekosea, umemuwekea siku yake. Alimaliza zaidi ya sekunde 37 nyuma ya Pedrosa, hilo sifichi, lakini Stoner alikuwa nyuma yake. Stoner!

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja kabla, hapohapo Valencia 2011, Lorenzo alikuwa ameumia kidole, Nakasuga akaitwa, akamaliza wa sita. Sikumbuki mtu aliyelipigia kelele hilo.

Kazi yenyewe

Tuongee kidogo kuhusu hii kazi maana ndo penye utamu.

Fundi wa pikipiki mtaani kwako akishamaliza kukufungia shokapu mpya hakupi hapohapo uondoke. Anaiwasha, anaenda nayo mpaka kona ya pili, anarudi, anakuambia bado inavuta kulia. Ukimuuliza amejuaje, anacheka. Sasa mchukue huyo, umuweke kwenye pikipiki inayozidi kilomita 300 kwa saa, umwambie kuna fremu mbili, kwa macho zinafanana kabisa, tofauti yake ni unene wa alumini milimita kidogo sehemu ambayo hata huioni, panda hii, kisha panda ile, kisha rudi kwenye hii, utuambie.

Hilo la kurudi kwenye ya kwanza ndo nimelipenda kuliko yote. Hawajaribu A wakaja B wakamaliza. Wanajaribu A, wanakuja B, wanarudi A tena, kwa sababu lami imepata joto, tairi limechakaa, dereva mwenyewe amechangamka, kwa hiyo B ikionekana nzuri inawezekana siyo B, ni saa tano ya asubuhi. Dereva wa majaribio lazima awe na uwezo wa kujitoa yeye mwenyewe kwenye hesabu. Leo una homa? Jana umegombana na mkeo? Muda wako wa mzunguko usilijue hilo.

Kisha lazima uongee. Pikipiki ya MotoGP imejaa sensa, mainjinia wanajua gurudumu limezunguka mara ngapi na mkono umefungua mafuta asilimia ngapi, lakini sensa haisemi "nikiingia kona naogopa". Hilo anasema mtu. Na akilisema vibaya, kiwanda kizima pale Iwata kinaenda miezi sita kwenye njia isiyo sahihi, wakirudi kushtuka, msimu umeisha.

Na madereva wenyewe wa mbio hawana muda wa kufanya haya, sheria za MotoGP kwa kawaida zinawabana majaribio yao yawe ya siku chache rasmi, wale wa majaribio ndo wanaoruhusiwa zaidi. Mnajua kila mwanzo wa mwaka pale Sepang kabla mastaa hawajafika kuna siku kadhaa pikipiki zinaunguruma na hakuna anayeweka picha? Hao ndo wao.

Lorenzo akachukua ubingwa 2012 na 2015 juu ya M1, pikipiki ya Yamaha ya MotoGP. Kwenye picha za kusherehekea utamuona Lorenzo, utawaona mafundi, utaona mabosi.

Halafu nikaangalia rekodi zake za nyumbani

Hapa ndo hii makala iliponigeukia. Mpango wangu ulikuwa niandike habari ya mtu aliyefichwa, mwenye kipaji kilichozikwa kiwandani, tulie kidogo, tushee, tuendelee na maisha.

Sasa nenda kaangalie mashindano ya Japani, daraja la juu la huko, JSB1000. 2008 bingwa ni Nakasuga. 2009 Nakasuga. Kisha 2012, 2013, 2014, 2015, 2016, mfululizo. 2017 Takumi Takahashi wa Honda akamkatia. 2018 karudi, 2019 yeye tena. 2020 akashinda Kohta Nozane, kijana wa Yamaha hiyohiyo, ukisema basi, mzee amechoka, zamu ya vijana, na kweli Nozane akapelekwa Ulaya kwenye World Superbike. Nakasuga, miaka 40 inagonga, akabaki nyumbani na msimu wa 2021 akashinda kila mbio akachukua ubingwa wa 10. 2022 wa 11.

Huyo wa kumuonea huruma yuko wapi sasa?

Nilikaa na hayo majina ya miaka nikajiuliza kama tatizo liko kwake au kwangu mimi ninayeangalia. Sisi tumezoeshwa ngazi moja tu. Ukianza Japani lazima umalizie Ulaya, usipofika umefeli. Mchezaji wa mpira akibaki ligi ya nyumbani miaka 15 anabeba kila kombe tunamwambia "angeenda nje angekuwa mkubwa". Kama vile mkubwa hajawa.

Lakini, na hii lakini inanisumbua, siwezi pia kusema kila kitu kilikuwa sawa. Valencia 2012 alikuwa na miaka 31. Kwenye MotoGP umri huo tayari wanakutazama saa yao mkononi. Wajapani nao kwenye daraja la juu walikuwa wamepungua sana. Daijiro Kato, ambaye wengi waliamini ndiye angekuwa bingwa wa kwanza wa Kijapani wa daraja la juu, alifariki 2003 baada ya ajali Suzuka. Norifumi Abe aliyekuwa kipenzi cha bingwa Valentino Rossi alifariki 2007, tena siyo uwanjani, barabarani tu kwenye foleni za watu wa kawaida, lori limegeuza mbele yake. Makoto Tamada alishinda Motegi 2004, na toka siku hiyo mpaka Nakasuga anapanda lile jukwaa hakuna Mjapani mwingine aliyeshinda daraja hilo. Timu zinatafuta Wahispania na Waitaliano, wafadhili nao wako huko.

Kwa hiyo alichagua au alichaguliwa? Sina uhakika, na nadhani maisha ya watu wengi ukiyakata katikati utakuta zote mbili zimelala pamoja.

Suzuka

Ukitaka kujua Nakasuga ni nani usiangalie MotoGP, angalia Suzuka Saa 8.

Kwa ambao hamfuatilii mbio ndefu: ni kila mwaka katikati ya kiangazi cha Japani, joto lenye unyevu linalokata pumzi, zinaanza saa tano na nusu asubuhi na kumalizika saa moja na nusu usiku taa zikiwaka. Madereva wanapokezana, kila mmoja anakaa juu ya pikipiki karibu saa nzima, anashuka, wanamwagia maji, anakaa mbele ya feni, anarudi. Uwanja wenyewe ni mali ya Honda, waliufungua 1962. Kwa hiyo kwa Yamaha kushinda Suzuka ni kumla jirani nyama ndani ya nyumba yake, na mabosi wote wa makampuni wamekaa juu wanaangalia. Kuna watu Japani wanaoithamini hii kuliko ubingwa wa dunia, msicheke.

Yamaha walikuwa hawajashinda toka 1996. 2015 wakarudi na timu ya kiwanda na R1 mpya, wakamuweka Nakasuga na vijana wawili wa MotoGP, Pol Espargaró na Bradley Smith. Wakashinda. 2016 tena, safari hii Alex Lowes kachukua nafasi ya Smith. 2017 tena, Lowes na Michael van der Mark. Wazungu wanabadilika, yeye yuko palepale. Hao wageni wanakuja Japani siku chache wanapanda pikipiki ambayo yeye ndiye aliyeitengeneza msimu mzima, na kwenye pikipiki ya kupokezana lazima seti, yaani jinsi pikipiki ilivyorekebishwa, iwe ya kila mtu, mrefu na mfupi, anayependa breki kali na asiyependa. Yaani lazima mtu mmoja akubali pikipiki isiwe yake.

2018, siku moja kabla ya mbio, akaanguka mazoezini. Akaumia. Lowes na van der Mark wakaendesha saa 8 wawili tu, wakashinda ya nne mfululizo.

Fikiria hiyo jioni. Pikipiki yako, timu yako, seti yako, na wewe umekaa pembeni. Dereva wa majaribio tena, bila kupenda.

Halafu 2019, na hii nikiikumbuka nacheka kwa uchungu. Yamaha walivaa rangi za 1985, zile za TECH21 za Kenny Roberts na Tadahiko Taira, ambao mwaka ule waliongoza mpaka nusu saa ya mwisho pikipiki ikawafia. Wajapani wa umri fulani wakiziona zile rangi machozi yanawalenga. Mzunguko wa mwisho kabisa Jonathan Rea wa Kawasaki anaongoza, pikipiki ya wengine imepasuka injini imemwaga mafuta, Rea akateleza akaanguka, bendera nyekundu. Yamaha wakatangazwa washindi. Wamesherehekea, jukwaa, kila kitu. Kawasaki wakakata rufaa kwamba matokeo yahesabiwe kwa mzunguko wa kabla ya bendera, usiku ukaamuliwa kweli, ushindi wao.

Nakasuga akalala namba mbili.

Siku Yamaha walipoomba radhi

Sasa nije kwenye shaka kubwa, maana ningeishia Suzuka ningekuwa nimewaandikia sifa tupu.

Agosti 2018, Austria, baada ya kutafuta nafasi za kuanzia, bosi wa mradi wa M1, Kouji Tsuya, alijitokeza mbele ya waandishi akawaomba radhi madereva wao Rossi na Viñales hadharani kwa sababu pikipiki haikuwa na nguvu ya kutosha kutoka kwenye kona. Kampuni ya Kijapani kuomba radhi siyo habari. Kuomba radhi katikati ya wikiendi ya mbio, hiyo ni habari. Yamaha walikuwa hawajashinda toka Assen 2017, na ilibidi wangoje mpaka Viñales ashinde Phillip Island mwezi wa kumi.

Na mwaka uliofuata wakaanzisha timu ya majaribio ya Ulaya. Jonas Folger. Kisha 2020 Lorenzo mwenyewe. Kisha 2021 Crutchlow, yuleyule aliyeanguka Valencia akamuachia Nakasuga njia.

Tafsiri yake iko wazi, hata kama hakuna aliyeitamka kwa ukali: majaribio ya Japani peke yake hayatoshi. Na wanaosema hivyo wana hoja. Matatizo mengine ya pikipiki yanatokea tu ukiwa kwenye ukingo kabisa, tairi linapoanza kuachia, ndani ya ile nusu sekunde ya mwisho. Dereva ambaye ana sekunde moja na nusu pungufu anaweza kuipanda siku nzima asilione tatizo, anarudi anasema iko vizuri, na kwake yeye kweli iko vizuri. Tena Japani wanajaribu viwanja vyao, lami yao, hewa yao. Ukiipeleka Jerez lami ina joto na inateleza, unashangaa.

Nilitamani nimtetee hapa na naona siwezi kikamilifu. Motegi 2015 aliingia kama mwalikwa akamaliza wa nane, kwa hiyo hakuwa mtu wa polepole hata kidogo, lakini wa nane kwenye uwanja anaoujua ni tofauti na kutafuta ile sehemu ya kumi ya sekunde ya ubingwa. Dereva wa majaribio anayehitajika leo ni yule aliyetoka kwenye mbio juzi, bado damu inachemka. Kazi imebadilika chini ya miguu yake. Ile sifa yake kubwa, ya kuwa sawa kila mzunguko, imekuwa nusu tu ya kinachotakiwa.

Nakagami

Jina la mwisho. Takaaki Nakagami yeye alikipata kile kiti. Misimu 7 ya MotoGP na Honda, 2018 mpaka 2024, mshahara, jina mgongoni, kila kitu ambacho Nakasuga hakupewa. Aragon 2020 alianza wa kwanza kwenye mstari, akaanguka mzunguko uleule wa kwanza. Misimu yote saba, jukwaa la mbio kuu hakulipanda hata mara moja. 2025 akawa dereva wa majaribio wa Honda. Mwezi wa tano akapewa mwaliko wa mbio moja pale Le Mans, mvua ikanyesha, wakubwa wakaanguka ovyo, Johann Zarco akashinda kwa Honda, na Nakagami, wa majaribio, akaja wa sita.

Nikicheka mwenyewe nilijua nimeshaiona hii filamu.

Na Agosti 2025 Suzuka, Zarco huyohuyo na Takumi Takahashi huyohuyo wa 2017 wakashinda kwa Honda, na wa pili wakawa Yamaha: Jack Miller, Andrea Locatelli, na Nakasuga mwenye miaka 43, siku chache kabla hajatimiza 44. Miller ana ushindi wa MotoGP mara nne, na aliletwa pale akapande pikipiki ambayo mzee ndiye aliyeiandaa.

Ukiniambia nichague, misimu 7 ya kiti bila jukwaa au jukwaa moja bila kiti pamoja na makombe ya nyumbani yasiyohesabika kwa vidole, nachukua ya Nakasuga, sifikirii mara mbili. Rafiki yangu mmoja tunayebishana naye haya mambo anasema nachagua hivyo kwa sababu sijawahi kukosa kiti ninachokitaka. Anasema Nakasuga mwenyewe ukimuamsha usiku wa manane atachagua misimu 7. Inawezekana. Tumebishana mpaka tukanuniana, na bado sijabadili.